Mpokeaji Anakuja kwa Ndege

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi kutoka safari ndefu na nimepokewa na bawa. Limelala kwenye korido, kutoka mlango wa mbele mpaka mlango wa choo, na kila mwenye haja hana budi kuinama. Mimi ndiye niliyeliweka. Leo limenigonga paji la uso, nikaona vimulimuli.

Mama mkwe yupo! Amekuja kutibiwa goti. Chumba cha wageni kina mkia wa ndege, kwa hiyo mke wangu amemtandikia sebuleni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, kisha akauliza hilo beseni langu litaondoka lini.

Beseni! Ndege ya kutua nchi kavu na majini, niliyoijenga mwenyewe kwa michoro, faibaglasi na misumari ya ribiti isiyo na idadi! Tumbo lake, lenye umbo la mashua, liko kwenye banda la gari. Gari liko mvuani. Nilimweleza kwa upole kwamba nchi zilizoendelea watu wanajenga hivi kila siku. Akauliza kama huko watu hawana mama wakwe.

Wakati wa kula, mke wangu akataja mashindano ya kuogelea ziwani, tarehe 16. Binti yetu anaogelea. Klabu yao ina utaratibu wake: kila muogeleaji ana mpokeaji, mtu mzima mmoja anayesimama majini mpaka kiunoni kwenye mstari wa mwisho, taulo mkononi, akimsubiri. Jina lake hutangazwa kwenye kipaza sauti pamoja na la mtoto. Nimeikosa nafasi hiyo mara mbili. Mara ya kwanza nilikwama na tairi bovu kwenye kiwanja cha vumbi, nikiwa na abiria na kreti za vifaranga. Mara ya pili nilikuwa hapahapa mjini, ila gundi ya mkia ilikuwa inakauka, na gundi haimsubiri mtu. Mke wangu alisimama majini mara zote mbili.

Nikatangaza kwamba mwaka huu mpokeaji ni mimi, nani mwingine? Mke wangu ni mfamasia. Aliniangalia kama anavyoangalia dawa iliyokaribia kuharibika, akaomba nimsogezee chumvi.

Jumanne, 5 Machi

Simu kutoka kwa mkaguzi wa ndege za kujitengenezea! Mama wa maneno machache. Anaweza kuja kushuhudia jaribio la majini Jumamosi ya tarehe 16 tu, kwa sababu baada ya hapo anahamishwa kikazi. Tena jaribio lifanyike kwenye ziwa lilelile. Sisi upande wa kaskazini, waogeleaji upande wa kusini.

Mtu mwingine angelia. Mimi nilicheka peke yangu mpaka mama mkwe akauliza kama niko salama. Hesabu ni nyepesi mno. Asubuhi nafanya jaribio. Likiisha, naiendesha ndege taratibu juu ya maji mpaka kusini, nashuka, nasimama majini, nampokea binti yangu. Baba anayefika kwa ndege aliyoijenga kwa mikono yake, taulo begani! Hakuna mtoto wa klabu ile aliyewahi kupokewa hivyo. Watu wanasema urubani na familia havikai chungu kimoja. Havijapata mpishi.

Habari za mkaguzi sijamwambia mke wangu. Ana kazi nyingi, sikutaka kumsumbua.

Tatizo moja dogo. Ratiba ya zamu inasema Jumamosi hiyo naruka.

Jumatano, 6 Machi

Nimeenda kwa mpangaji wa zamu, ambaye sote tunamwita Bi Ratiba, nikiwa na keki. Aliila yote. Kisha akajipangusa na kusema rubani pekee anayeweza kubadilishana nami ni Kapteni Marashi.

Kapteni Marashi! Anaitwa hivyo kwa sababu ukiingia kwenye ndege aliyoiacha jana, bado yupo. Amebandika picha ya wanawe pacha mbele ya usukani. Hajawahi kukosa sherehe ya shule, kikao cha wazazi, wala jino la mtoto kung'oka. Mke wangu humtaja wakati wa chakula, eti kwa bahati mbaya.

Nikajikaza, nikamfuata kwenye chumba cha marubani kupumzikia. Alisikitika. Angenisaidia kwa moyo wote, alisema, lakini pacha wake wanaogelea siku hiyohiyo, mama yao yuko masomoni nje, na mpokeaji wao ni yeye. Akaongeza kwamba mtu wa familia huomba ruhusa mapema. Aliyasema hayo mkono wake ukiwa begani kwangu. Nimefua shati mara mbili na bado linanukia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata dawa yake! Sikio.

Rubani mwenye mafua anaweza kubishana na daktari. Rubani mwenye sikio lililoziba habishani na mtu. Ukipanda juu nalo unaweza kupasuka ngoma ya sikio, kwa hiyo daktari wa kampuni haulizi maswali. Nilimwendea nikiwa nimeinamisha kichwa upande, nikajibu kila swali kwa "Eeeh?" Nadhani nilipitiliza kidogo, maana alianza kuniandikia kwenye karatasi. Lakini nilitoka na nilichokifuata: nisiruke mpaka anione tena mwisho wa mwezi.

Nilifika mlangoni nikipiga mluzi. Akaniita. Akasema pia nisiingie majini.

Nimelitafakari hilo njia nzima. Mpokeaji husimama kwenye maji ya kiunoni. Kiuno na sikio ni jirani wa mbali sana. Mpango unaendelea.

Jioni mke wangu akarudi na chupa ya matone. Nilikuwa nimesahau kwamba wagonjwa wote wa daktari yule huchukua dawa dukani kwake. Alinilaza kitandani, akawasha tochi, akachungulia sikioni kwa muda mrefu. Kisha akauliza ni sikio lipi. Nikasema la kushoto. Akasema daktari kaandika la kulia. Akatia matone masikio yote mawili, kushoto na kulia, na kunikumbusha kwamba dozi ni asubuhi, mchana na jioni. Matone yanawasha kama pilipili.

Ijumaa, 8 Machi

Mambo yameiva! Bi Ratiba amempa Kapteni Marashi safari yangu ya Jumamosi. Nilimwona kwenye ubao wa ratiba akiwa amesimama, mikono mfukoni, hana hata harufu. Nilitaka kufurahi. Nilifurahi. Ila haikudumu.

Alinifuata nje. Akasema amesikia habari za sikio langu, pole sana, na kwamba kwa kuwa nitakuwa ziwani kumpokea binti yangu, anaomba nimpokelee na pacha wake. Mama yao yuko mbali, alisema, na hapa mjini hana mtu mwingine wa kumwachia wanawe. Macho yake yalikuwa mekundu.

Ningesemaje? Ningesema kwamba sikio ni zima na kwamba nimemfanyia makusudi? Nikasema, "Usijali, ndugu yangu, hao ni wanangu." Sijui neno ndugu lilitokea wapi. Sasa ni mpokeaji wa watoto watatu. Nilijisikia vibaya mpaka saa ya chai, kisha nikakumbuka kwamba sijapima uzito wa mkia.

Jumapili, 10 Machi

Binti yangu hufanya kazi zake za shule chini ya bawa, kwenye korido. Anasema kuna ubaridi. Leo nilichuchumaa pale, nikamuuliza kama mtu asiye na hili wala lile, ameshapeleka jina la mpokeaji?

Akasema ndiyo. Bibi.

Bibi! Mama mkwe wangu, ambaye goti lake halimruhusu kushuka ngazi, na ambaye huoga kwa kopo kwa sababu anaogopa bafu likijaa! Nikasema lakini mimi nipo. Akaendelea kupiga mstari kwa rula. Akasema vizuri, basi nitamshika Bibi asianguke.

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningekuwa na la kujibu, nimezoea kujibu hasira. Alisema kama mtu anayepanga viti. Aliacha kuniuliza muda mrefu na mimi sikuona alipoacha. Iliniuma. Nimekaa chini ya bawa langu hata baada ya yeye kwenda kulala, nikashindwa kukumbuka mara ya mwisho aliponiomba kitu.

Hata hivyo! Nimeulizia klabuni. Jina linaweza kubadilishwa mpaka dakika ya mwisho, muogeleaji mwenyewe akitaka. Ina maana lazima atake. Ina maana lazima aione ile ndege ikija. Sasa si suala la starehe tena, ni suala la nafasi yangu katika nyumba hii.

Jumatano, 13 Machi

Ndege imetoka nyumbani! Tela nimeazima kwa muuza samani, ambaye nilimwambia nahamisha kabati. Lango lilikuwa jembamba. Nimeng'oa nguzo moja ya lango. Lango sasa limelala chini kando ya ukuta, na mbuzi wa jirani wameshaingia kututembelea. Mke wangu alikuwa kazini.

Mama mkwe aliketi barazani akielekeza kwa fimbo. Aliponielekeza vizuri sikumsikiliza, aliponielekeza vibaya nilimtii. Taa ya nyuma ya tela imebaki ukutani kwa jirani.

Jambo moja nililifanya kwa akili. Nimeandika MAMA puani mwa ndege, kwa herufi kubwa nyekundu. Mama mkwe alipoliona alijifuta macho, na kwa mara ya kwanza akaiita ndege. Mke wangu, nilipomwonyesha picha jioni, alidhani ni yeye, akaguna kwa namna isiyo mbaya. Nimempigia simu mama yangu mzazi, naye analia kwa furaha. Rangi ya kopo moja!

Mke wangu aliporudi, aliikuta korido tupu na chumba cha wageni kikiwa na kitanda. Nikamwambia nimeipeleka kwa rafiki anayekaa kando ya ziwa, ili mama apate pa kulala. Akanishukuru. Si kwa utani. Alinishika mkono, akasema alikuwa amechoka, kwamba alishaanza kujiona mpangaji katika bohari la vyuma. Nikasema ni wajibu wangu. Shukrani yake imenikaa kifuani kama chakula kisichoshuka.

Kuhusu lango, nimesema ni mbuzi.

Ijumaa, 15 Machi

Ndege inatakiwa iwe nyepesi. Nimepunguza vitu visivyo vya lazima: kasia, kamba ndefu, nanga. Nanga ni ya meli. Nimeweka taulo tatu.

Matone, mara tatu kama kawaida. Mke wangu akauliza kesho tutaondoka wote? Nikasema mimi natangulia, kuwawekea nafasi nzuri. Akafunga kizibo cha chupa taratibu sana. Akasema yeye hana la kusema tena, ila mtoto akitoka majini lazima mtu awe pale. Nikamwambia nitakuwa pale kabla ya mtu yeyote.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nikiwa nimevaa nguo za muuza samani, yule mwenye tela. Zangu zinakauka.

Mkaguzi alichelewa. Pancha. Nilizunguka ile ndege ufukweni mpaka nikachimba mfereji. Alipofika, firimbi za waogeleaji zilikuwa zinasikika upande wa pili. Akakagua polepole, kama mtu anayechagua nyanya. Hatimaye akanionyesha boya jekundu katikati ya ziwa na kusema niendeshe juu ya maji tu, nisiruke, na nisivuke boya lile.

Ikaelea! Naandika hapa ili ibaki: iliteremka kutoka kwenye tela, ikayumba, ikatulia juu ya maji kama bata. Hakuna tone lililoingia. Miaka yangu yote ya usiku wa gundi, na ikaelea! Nililia. Injini ilikuwa inanguruma, hakuna aliyesikia.

Nikaenda mpaka kwenye boya. Kule kusini niliona kofia za rangi zikianza kuingia majini. Nikalitazama boya. Nikasema moyoni, ni boya tu.

Nilipolivuka nikaongeza mwendo. Lakini mimi si mwendawazimu. Nilipoona waogeleaji wako umbali wa kuweza kuwahesabu, nilizima injini kabisa. Panga boi karibu na watoto, hapana. Nikawa nimepanga kumalizia kwa ule mwendo uliobaki, kwa madaha, mpaka ufukweni.

Sasa. Ndege iliyozimwa majini haikai ilivyo. Inageuka yenyewe, pua ikitazama upepo unakotoka, kisha upepo unaisukuma kinyumenyume. Hili liko kwenye kila kitabu. Nimewahi kulifundisha darasani, nikachora na picha ubaoni. Upepo ulikuwa unatoka kaskazini. MAMA akageuka taratibu, akageuzia mgongo kule nilikotaka kwenda, akaanza kurudi nyuma kuelekea mashindano. Ndege majini haina breki. Kasia lilikuwa nyumbani. Nanga ilikuwa nyumbani.

Nikapiga makasia kwa viganja. Nikapiga kwa ubao wa kuandikia. Bure.

Nikawapita waogeleaji kwa pembeni, mkia mbele. Wale wa mtumbwi wa uokoaji walinipigia kelele nirudi nyuma, nikawajibu kwamba ndicho ninachofanya. Kisha nikamwona binti yangu, kofia ya njano, akiogelea sambamba nami. Huvuta pumzi upande wa kushoto. Kila alipogeuza uso kuvuta pumzi, alinikuta. Nikanyanyua taulo zote tatu ajue kwamba niko tayari. Akarudisha uso majini. Akageuza tena, bado nipo. Kisha nikampita.

Nilivuka mstari wa mwisho nikiwa wa kwanza. Mtangazaji alisema kwenye kipaza sauti kwamba mshiriki huyu hana namba. Watu walipiga makofi! Nikapunga mkono, nikaendelea kurudi nyuma, mpaka mkia ukaingia kwenye matete na kukwama.

Kwa kuwa pua ilitazama ziwa, nilikuwa na kiti kizuri kuliko mtu yeyote. Nilimwona mama mkwe majini. Mpaka kiunoni! Gauni limevimba kwa maji, mkono mmoja umeng'ang'ania bega la mke wangu, mwingine umeinua taulo juu kabisa. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, sijui kwa baridi au kwa woga. Binti yangu akafika wa nne. Akasimama, akajitupa kwenye lile taulo, na wote watatu nusura waanguke, wakacheka. Nilisikia vicheko vyao vizuri kabisa. Nilitamani kuwa pale kuliko nilivyowahi kutamani kuruka. Nikajaribu kushuka, nikazama kwenye tope mpaka magotini, nikapanda tena.

Kisha wakaja pacha. Nikakumbuka kwamba taulo zao nimezishika mimi.

Lakini mtu aliwapokea. Kapteni Marashi! Safari ilikuwa imefutwa kwa sababu ya ukungu huko ilikokuwa inakwenda, na alikimbia kutoka uwanjani moja kwa moja, akaingia majini na sare yake yote. Hakuwa na taulo. Akavua koti lenye mistari ya ukapteni, akawafunika wote wawili.

Ni yeye aliyekuja kunitoa. Alipita kwenye matete akiwa na kamba, akaifunga kwenye mkia, akavuta pamoja na watu wa uokoaji. Hakunitukana. Hakucheka. Tulipokaribia ufukwe akanishika kiwiko, akasema niangalie, mahali hapa maji ni marefu, yasije yakaingia kwenye lile sikio. Hata kwenye tope ananukia vizuri.

Bi Ratiba alikuwa pale na mpwa wake, anakula aiskrimu. Akauliza sikio linaendeleaje. Nikasema, "Eeeh?" Nilifanya hivyo kwa mazoea.

Mkaguzi alizunguka ziwa kwa gari. Akasema tumbo la ndege halivuji, limefaulu. Rubani hakufaulu.

Mke wangu alisubiri watu wapungue. Akauliza swali moja: kwa nini sikuja tu kwa gari? Nimelifikiria swali hilo mpaka sasa. Nadhani hakuwa ameelewa mpango.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeitwa ofisini. Nimesimamishwa kuruka kwa mwezi mzima. Ningefukuzwa kabisa, lakini Kapteni Marashi alinitetea mbele ya meneja, akasema kila baba huchanganyikiwa siku za mashindano. Hilo sitamsamehe.

Nyumbani hali ni shwari, na shwari hii siipendi. Mke wangu ameacha kunitia matone. Niliisogeza chupa mezani ili aione. Akaihamisha, akaweka sahani. Nimejenga upya nguzo ya lango, bila kuombwa. Alipita, akasema mbuzi watasikitika.

Mama mkwe peke yake ndiye anayezungumza nami. Anasimulia habari ya kusimama majini kwa kila anayepiga simu, na kila akisimulia, maji yanapanda. Leo yamefika kifuani.

Alhamisi, 21 Machi

Leo nimepata kitu ambacho sikukistahili. Naandika yote.

Nilikuwa kando ya ziwa, natoa matete kwenye mkia. Binti yangu akaja na baiskeli, peke yake, akaketi juu ya gurudumu la ndege. Akawa anang'oa rangi iliyobanduka kwenye ile MAMA. Kisha akasema Jumamosi kuna mazoezi, asubuhi. Hakuna mashindano, hakuna kipaza sauti, hakuna watu. Mwalimu wao anaruhusu mzazi mmoja asimame majini, kule wanakogeukia. Hakuna la kufanya. Ni kusimama tu.

Nikauliza, asimame nani?

Akasema, "Wewe, Baba, kama unaweza."

Nikauliza kwa nini mimi, baada ya yote yale. Akafikiria. Akasema siku ile nilichekesha, na wenzake wananiita Baba Kinyumenyume. Lakini kila alipovuta pumzi alinikuta nipo, na hilo halikuwahi kutokea. Angependa litokee tena, ila bila ndege.

Nikageukia mkia, nikajifanya naikagua ribiti. Nikamwambia nitakuwepo, hata mvua inyeshe mawe. Akapanda baiskeli. Alipofika barabarani aligeuka kuhakikisha kama bado namtazama. Nilikuwa namtazama. Nilikaa pale chini nikiwa na furaha ambayo hata siku ya kuelea sikuipata. Nimeelewa sasa. Mtoto hataki makubwa. Anataka uwepo wako tu, miguu majini, basi. Nashangaa imenichukua muda wote huu.

Jioni mkaguzi amepiga simu. Uhamisho wake umesogezwa mbele. Kama nataka kurudia jaribio, ana nafasi asubuhi moja tu. Jumamosi. Kampuni imenikataza kurusha ndege zao, lakini hii si yao. Na ziwa ni lilelile.

Nimekaa nikapima. Mazoezi ni kusimama tu, na mtu anaweza kusimama popote, hata juu ya bawa. Safari hii nitaangalia upepo kwanza. Upepo ndio ulioniponza.

Nikamwambia mkaguzi aje, nitakuwepo. Binti yangu nimeshamwambia nitakuwepo. Hakuna hata mmoja kati yao niliyemdanganya.